Jumapili Tuliyomlilia Papa Arlan

Mimi ndiye niliyempata binti wa Papa Arlan. Hilo watu wa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Bruseli, wanalijua, na hata wale ambao leo wakiniona Chaussée de Wavre wanavuka upande wa pili hawawezi kuninyima hilo. Mtu alikuwa hajamwona mtoto wake kwa miaka hamsini, na mimi nilimpata kwa wiki tatu, kwa simu tu, nimekaa jikoni kwangu nachambua sombe, majani ya muhogo.

Papa Arlan alikuwa Mwamerika mweusi, mpiga saksafoni. Jina lake lote ni Harlan Teague, lakini Kifaransa kinaimeza ile herufi ya kwanza, nasi tukabaki na Arlan. Kwa miaka ishirini alikula kwangu kila Jumapili. Kwangu si mkahawa na si baa, ni sebule yenye viti vingi kuliko inavyoweza kubeba. Ukitoka misa unakuta bukari, ndiyo ugali wetu, samaki, bia, na habari za watu. Hasa habari. Mbele yangu wananiita Maman Mwadi, nyuma yangu wananiita Radio Trottoir, redio ya kando ya barabara, na sikuwahi kukasirika. Anayetaka kujua nani ameachwa, nani amepata karatasi za kukaa huku, nani amezaa mtoto mwenye masikio ya jirani, anaujua mlango.

Mwaka huu, mwezi wa pili, koo lilimshika. Kansa. Kule hospitali ya Woluwe walimfanyia upasuaji, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, na sauti ikaenda moja kwa moja. Tulimpelekea kibao cha watoto wa shule na chaki, maana karatasi zilikuwa zinampotelea kwenye mashuka. Jambo la kwanza aliloniandikia, kwa kile Kiswahili chake cha kuokota mezani kwangu, lilikuwa hili: *Mutoto yangu. Tafuta.*

Mtoto mwenyewe aliitwa Rochelle. Alimwacha Dayton, jimbo la Ohio, akiwa na miaka minne, akamwambia anakwenda ziara ya wiki sita.

Bon, watu hawajui, lakini huko Dayton Wakongo wamejaa. Kasoki, mtu wa Butembo aliyekuwa jirani yangu hapa kabla ya kumfuata mume Amerika, ndiye niliyemtupia kazi. Akapita kanisa moja la weusi wa huko, akapita la pili, la tano, mpaka bibi mmoja mwimbaji akamwambia, huyo Teague unayemtafuta, binti yake ni karani wa shule, anakaa barabara fulani. Kasoki akaenda akagonga. Rochelle alimsikiliza wima, mlangoni, akachukua namba yangu, akanyamaza siku kumi. Kisha ujumbe ukaja: amekata tiketi, atafika Alhamisi ya wiki ya pili.

Madaktari walikuwa wamesema wiki mbili, labda. Kwa hiyo Papa Arlan hakuwa tena na mambo mengi duniani. Alikuwa na moja: kuifikia ile Alhamisi. Aliiandika kibaoni, na kila mtu aliyeingia chumbani alionyeshwa, hata mfagiaji.

Ikabaki siku nne.

Hapo lazima nimtaje Jémima. Ni msichana wa Goma, anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao moja, na amepanga chumba juu ya kile cha Papa Arlan, karibu na Flagey. Hana undugu naye wowote. Lakini kila asubuhi kabla ya kazi alipanda basi kwenda Woluwe, akamwosha uso, akarudi na pijama za kufua. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba tangu Alhamisi iliyotangulia mzee hajalala, makohozi yanaziba lile tundu, usiku kucha anashika chuma cha kitanda kama mtu aliye kwenye lori.

Jumapili hiyo, saa saba mchana, nina watu ishirini na wawili sebuleni, simu ikalia. Sauti ya Jémima, chini, imechoka, na nyuma yake kelele za basi:

“Maman Mwadi, Papa Arlan alipumuzika. Njo natoka kule sasa hivi. Nitakuelezea.”

Sasa nisikilizeni. Katika kanisa la mama yangu, Lubumbashi, mtu hafi. Mchungaji halisemi neno hilo, mashemasi hawalisemi, mama wa kwaya hawalisemi. Ndugu yetu alipumuzika. Dada yetu alipumuzika saa tisa. Nimekua hivyo, nimezeeka hivyo, na nikisikia kwamba mgonjwa alipumuzika, mkono wangu unatafuta kitambaa cha kichwa wenyewe. Jémima ni mtoto wa juzi, kazi yake ni kulaza wazee. Kwake kupumuzika ni kupumuzika.

Ningeweza kumpigia. Simu ilikuwa mkononi. Lakini mtu anayepokea habari kama ile mbele ya watu ishirini na wawili, wote wamenyamaza wanamtazama mdomo, na anajua kwamba hakuna mwingine katika Bruseli nzima aliye nayo, basi nawaambieni ukweli, hapigi simu. Nilifungua mdomo.

Kilio kilianza papo hapo. Tharcisse, shemasi wetu, ambaye hakuna maziko ya Mkongo hapa mjini asiyoyashika yeye, alishuka kwenda kuleta viti vyake vya kukunja. Meza ikasukumwa ukutani. Picha ya Papa Arlan na saksafoni yake ikawekwa kwenye televisheni. Mama walivua viatu mlangoni, wakafunga vitenge, wakakaa chini. Mimi nilikuwa na makundi matatu ya WhatsApp na nikayaandikia yote matatu, la mama wa Matonge, la watu wa Lubumbashi, na la wanamuziki wa zamani. Baada ya nusu saa watu walikuwa wanapiga kutoka Paris.

Mjukuu wangu Chloé, anayesoma Kiingereza chuoni, aliuliza kama hospitali imethibitisha. Nikamwambia Jémima ametoka huko sasa hivi, unataka uthibitisho gani tena. Nilitaka kumwandikia Rochelle kwa ile mashine ya simu inayogeuza lugha, lakini Tharcisse alisema kifo si kazi ya mashine. Basi Chloé akaandika kwa Kiingereza chake safi: baba yako amefariki asubuhi ya leo, pole sana. Kama ningeliacha neno langu lipite kwenye simu lilivyo, lingemfikia kwamba baba yako amepumzika, na mtoto wa watu angelifurahi.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. *Asante kwa kunijulisha. Basi sitakuja.*

Tukasema ni uchungu. Tukarudi kwenye kilio.

Matanga yanataka mtu wa kusimulia maisha ya marehemu, na pale ndani nani mwingine? Nikasimama. Nikawaambia jinsi baba yake alivyofanya kazi kiwanda cha majokofu huko Dayton, na mama yake alivyoimba kanisani, na jinsi mtoto alivyoshika saksafoni ya mjomba akiwa na miaka kumi na miwili akakataa kuirudisha. Nikawaambia alivyokuja mwaka sabini na tatu na bendi ya watu kumi na mmoja, na bendi ilivyokufa Liège, kiongozi na mpiga tarumbeta walipogombania mwanamke mmoja katika hoteli. Tisa walipanda ndege. Wawili walibaki, na yule mwingine akanywa mpaka akafa.

Kwa nini alibaki? Aliwahi kunieleza. Kwao alikuwa mmoja kati ya mia. Hapa, wiki ya kwanza, alipiga katika klabu moja ya chini ya ardhi, akamaliza, na mzungu mmoja mtu mzima akainuka akamvutia kiti. Hicho tu. Papa Arlan alikuwa na miaka thelathini na hakuwahi kuvutiwa kiti na mzungu. Akakaa.

Alitoa sahani mbili za muziki. Miaka michache iliyopita Mjapani mmoja alisafiri mpaka hapa na mojawapo, imefungwa kwenye plastiki, anataka saini. Papa Arlan mwenyewe hakuwa nayo. Mjapani alimruhusu aishike kidogo. Alipiga katika orkestra ya redio mpaka orkestra ikavunjwa, akapata habari kwa barua. Klabu zikafungwa, au zikataka vijana. Ndipo wanamuziki wa Kongo walipomchukua, miaka ya themanini, wakamfundisha Lingala, wakamwita Amerika, na kwa muda hakukuwa na dansi Matonge bila saksafoni yake.

Kisha meno. Mpiga saksafoni anaing'ata kwa meno ya juu, na yake yalianza kuanguka, moja mwaka huu, mawili mwaka ujao. Sauti ikawa kama ya mtu anayesema na chakula mdomoni. Ya bandia hayakushika. Hayo niliwasimulia. Lakini sikuwasimulia kwamba miaka yake ishirini ya mwisho kazi yake tuliimaliza sisi: alipiga kwenye matanga yetu, katika kumbi za parokia, kati ya sala na maharage, na watu wakimwambia apunguze kidogo ili wasikilizane. Badala yake nilisema aliwahi kupiga mbele ya mfalme. Hilo niliongeza mimi. Watu walitikisa vichwa, wakalia vizuri zaidi.

Saa kumi Jémima akaingia na mfuko wa pijama.

Aliona viatu mlangoni, akavua vyake. Aliona mama chini, akajifunga kitambaa, akakaa nao, akainamisha kichwa, akatoa machozi kidogo ya heshima kama alivyofundishwa nyumbani kwao. Picha kwenye televisheni ilikuwa nyuma ya mgongo wa Tharcisse. Baada ya muda akamgusa mama aliyekaa karibu.

“Maman, nani alikufa?”

“Papa Arlan, mutoto yangu. Pole.”

Jémima alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa Kichina. Kisha akanitafuta mimi kwa macho, nimesimama katikati na kitambaa changu cheusi.

“Papa Arlan eko muzima,” alisema. “Nilimuacha analala. Maman Mwadi, nilikuambia. Siku trois hakulala, leo asubuhi alipumuzika.”

Sufuria jikoni ilikuwa inachemka. Kisha mtu mmoja kule kwenye korido alicheka, akajizuia, akacheka tena. Tharcisse alikunja kiti kimoja, polepole.

“Donc, Mwadi,” alisema, “ulituita tulie muntu eko anakoroma.”

Mama wawili walianza kumshukuru Mungu kwa ufufuo. Wengine walikuwa tayari mlangoni wanagombania viatu. Mimi nilikuwa namtazama Chloé, na Chloé alikuwa anaitazama simu.

Aliandika mara moja. Tumekosea, baba yako yu hai, anakungoja, tafadhali. Alipiga. Akapiga tena. Usiku ule na Jumatatu asubuhi, hakuna jibu. Nikampigia Kasoki, nikamsihi aende. Alikwenda na ujumbe wake wa sauti ukanifikia jioni, na niliusikiliza chooni, mlango umefungwa, mimi ambaye husikiliza kila kitu kwa sauti ya juu.

Kasoki alisema alifunguliwa mlango. Alieleza yote, kuhusu neno, kuhusu kanisa la mama yangu. Rochelle alielewa, si kwamba hakuelewa. Sanduku lilikuwa pale kwenye kochi, wazi, na nguo zilikuwa zimeshatolewa. Akamwambia hivi: nilimlilia huyo mtu nikiwa na miaka minne mpaka nikachoka. Jumapili mliponiambia, nilikaa chini nikangoja machozi, hayakuja. Basi nikajua nimemaliza. Nimemzika. Tafadhali msinifukulie.

“Hakunitukana, Maman,” Kasoki alisema. “Angenitukana ningepata pa kushika.”

Jumanne tulikaa watatu jikoni, Tharcisse, Jémima na mimi. Tharcisse alisema asiambiwe. Afe anangoja, kuna watu wengi wamekufa vibaya kuliko hivyo. Ikifika Alhamisi tutasema ndege imechelewa, Ijumaa tutasema hivyo hivyo, na hatutasema mara nyingi. Nilipenda sana maneno yale. Nilimtazama Jémima, natumaini naye atayapenda.

“Mimi kila asubuhi njo ninamuosha,” alisema. “Ananionyesha kibao. Jana ameandika *Trois*, zimebaki siku tatu. Leo *Deux*, mbili. Uongo yako, Maman, mimi sitaibeba. Utamuambia weye.”

Jumatano Papa Arlan aliomba kunyolewa. Akaomba shati la bluu lililokuwa chumbani kwake, na Jémima akalipiga pasi, akalipeleka, na hakunipigia simu kuniambia. Nilijua kwa sababu nilimwona barabarani amelibeba kwenye hanga, amelinyanyua juu lisiguse chini.

Alhamisi nilikwenda. Ndege ilikuwa ya saa mbili asubuhi, na mzee alikuwa ameshapiga hesabu: saa tatu atatoka uwanjani, saa nne atakuwa hapa. Nilifika saa tatu na nusu. Katika miaka yangu yote hapa sijawahi kwenda kumwona mgonjwa peke yangu. Siku zote tuko watano, sita, na bakuli. Siku hiyo nilikuwa na mkoba tu.

Alikuwa amekaa, mito mitatu mgongoni, shati limefungwa mpaka shingoni chini kidogo ya lile tundu, meno ya bandia mdomoni. Aliponiona alitabasamu, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye mlango.

Nikafunga mlango. Nikakaa.

“Papa,” nilisema, “Rochelle hakuya. Hatakuya. Ni mimi. Siku ya Dimanche nilimuambia umekufa.”

Nilimweleza. Ujumbe wa Jémima, neno, watu waliokuwa sebuleni, simu iliyokuwa mkononi. Nilijitahidi kulisema lile la simu mkononi, maana lilikuwa linataka kubaki ndani. Alinisikiliza bila kuniondolea macho. Tundu la shingo lilikuwa linatoa sauti ndogo, kama mtu anayepuliza chai. Nilipomaliza alitafuta chaki kwenye shuka. Nilidhani ataandika toka. Nilitamani aandike toka.

Aliandika: *Alilia?*

Nikaanza. Mungu anisamehe, nilianza vizuri. Nikamwambia Kasoki alimkuta amekaa sakafuni, macho yamevimba, ameshika picha, picha ya zamani, wewe na saksafoni na yeye mapajani kwako, na alilia mpaka jirani wakatoka nje, na alisema papa yangu, papa yangu, ningeondoka wiki moja mapema ningemkuta.

Papa Arlan aliinua mkono wenye chaki. Miaka ishirini mezani kwangu. Alinisikia nikisimulia ndoa za watu, talaka, wizi, miujiza. Alijua ni wapi habari inaishia na wapi ninaanza mimi. Alifuta kibao kwa kiganja, kikabaki cheupe cheupe, akaandika tena neno moja: *Kweli.*

Nje kwenye korido mtu alikuwa anasukuma gari la vyakula, magurudumu yanalia.

“Hapana, Papa,” nilisema. “Hakulia. Alisema alingojea machozi, haikuya.”

Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa namba aliyokuwa anaidhania. Aliutazama mlango muda fulani. Saa nne ikapita. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati. Cha kwanza kilitoka. Cha pili kilimshinda, vidole vilikuwa vinateleza, vidole vile vile vya saksafoni, na nilimwacha ajaribu mara tatu kabla ya kuinuka kumsaidia. Tulilivua pamoja. Nililikunja nikaliweka kitini. Hakuandika tena kitu. Niliaga, na nilipofika mlangoni alikuwa amegeukia ukuta.

Alikufa Jumamosi, saa sita mchana. Jémima alikuwa kazini, mimi nilikuwa sokoni Flagey. Hakuna aliyekuwa naye.

Safari hii Jémima ndiye aliyeandika kwenye makundi. *Papa Harlan Teague alikufa leo saa sita. Alikufa.* Wengine walipiga hospitali kwanza kuuliza. Wengine walijibu kwamba poleni, lakini sisi tulishafika Jumapili, tulishalia. Kutoka Paris hakupiga mtu. Chloé aliuliza kama tumwandikie Rochelle na hakuna aliyemjibu, kwa hiyo hatukuandika.

Matanga hatukufanya kwangu. Tharcisse aliomba chumba kidogo cha parokia, akapanga viti arobaini, na tulikuwa tisa. Hakuna aliyepiga ala yoyote. Baada ya sala aliuliza, kama desturi, nani atasimulia maisha ya marehemu. Watu walinitazama. Wote, hata Tharcisse, na nikasikia miguu yangu inataka kusimama. Nilitazama sakafu.

Jémima akainuka. Alikuwa na karatasi ya hospitali mkononi, ile waliyompa pamoja na mfuko wa vitu vyake, na akaisoma kama ilivyo. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Dayton, Ohio. Mke: hapana. Watoto: mmoja. Kazi: mwanamuziki. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, hapakuwa na kitu, akaikunja, akakaa.